Aruna Hajaacha Ubao

Jeannot alikuwa amelala chali chini ya meza, miguu imetokeza sebuleni, na kwa mara nyingine alikuwa akitafuta kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Juu yake kompyuta ilikuwa inawaka vizuri. Taa za modemu zilikuwa kijani zote. Mtandao ulipita kama maji ya bomba alfajiri. Hilo hasa ndilo lililomkera Aruna. Ugonjwa huu ulikuwa kama wa mtoto mtundu, anayeumwa nyumbani na kupona akimwona daktari.

"Papa Aruna, iko bien," Jeannot akasema kutoka chini. "Angaria mwenyewe. Inapita."

"Minaona inapita. Leo ni siku gani?"

"Mercredi." Ilikuwa Jumatano.

"Mie sichezake Mercredi. Minachezaka Dimanche. Dimanche njo inakatikaka."

Jeannot akatoa kichwa. Utando wa buibui ulikuwa umemshika nywele. "Sasa, Papa, ordinateur inayua siku?"

"Mie njo minakuuliza weye. Weye njo ulisoma."

Jeannot alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta na simu kwenye mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi, karibu na soko, na kadi yenye picha yake iliyoning'inia shingoni hata akienda kununua mkate. Mara ya kwanza alisema ni virusi. Akafuta kila kilichokuwamo, pamoja na picha za harusi ya Ramla, binti wa Aruna. Aliporudi alisema waya umechoka. Waya ukabadilishwa. Safari iliyofuata akalaumu umeme, na hapo hakuna mtu wa Lubumbashi anayeweza kubisha, maana umeme wetu unaweza kulaumiwa kwa lolote, hata kwa ndoa iliyovunjika. Aruna akanunua sanduku la kusawazisha umeme na lingine lenye betri, lile wanaloliita onduleur, linalolia kama kifaranga kila umeme unapoondoka. Tangu hapo umeme ukienda, kompyuta na modemu hubaki hai. Na Jumapili mchezo wake wa dama hukatika vilevile.

"Minafikiri ni réseau ya quartier," Jeannot akasema, akijipangusa magoti, sasa akiulaumu mtandao wa mtaa.

"Donc quartier muzima inangojeaka mie nikae ku ubao, njo ikate?"

"Baba Ramla," mkewe Amida akaita kutoka jikoni, "acha mwana wa bantu atoke chini ya meza, akule. Bukari inapoa."

Jeannot alikula ugali wake, akaosha mikono, akapokea chake na kwenda. Aruna alibaki kidogo akiitazama mashine. Kuna wakati mtu alipeleka redio yake kwa fundi, na fundi huyo akaifungua, akainusa, akaweka kidole: ni hapa. Akikuambia imekufa, ilikuwa imekufa, ukaizika. Fundi wa siku hizi hanusi kitu. Anabadilisha hiki, anabadilisha kile, mpaka kilichoharibika kichoke kuharibika.

Aruna mwana wa Idi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, kwenye barza ileile, ya mbele ya nyumba, ambako baba yake, aliyetoka Kasongo akiwa kijana, aliweka cherehani yake ya kwanza. Shule aliiacha mapema. Kifaransa alijifunza kwenye magazeti ya kukatia mifano ya mashati. Alisoma mgongo, akasoma mkono wa kushoto, akasoma ukosi, na habari nyingi hajui mpaka leo ziliishaje kwa sababu mkasi ulizipitia katikati. Alishona suti za ndoa na za kilio, enzi ambazo mtu alipimwa kabla ya kuvishwa. Siku hizi watu wanavaa kilichotoka kwenye balo la mitumba, kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine wa nchi nyingine. Wakimkumbuka Aruna ni kwa zipu iliyong'oka.

Lakini barza ile haikuwa ya nguo peke yake. Jioni cherehani zilifunikwa, ubao wa dama ukawekwa juu ya kigoda, na mtaa ukaja. Kete zilikuwa vizibo vya chupa kutoka baa ya ng'ambo ya barabara, vya bia upande mmoja na vya soda upande mwingine. Mzee Idi, ambaye pombe haikupata kuvuka kizingiti chake, aliviruhusu baada ya kuviosha kwa sabuni yeye mwenyewe. Wachezaji walikuwa wawili, na nyuma yao watu kumi, kumi na watano, wamesimama, wameinama, wamekaa juu ya ukuta. Walitukana hatua mbaya, walisifu hatua nzuri, walipigana kwa maneno juu ya kete ambayo haikuwa yao. Mtu aliyepita bila kusimama kuuliza nani anashinda, watu walidhani ana mgonjwa nyumbani.

Barza ilikuwa na sheria moja iliyopita zote. Ukikaa kwenye ubao, huinuki mpaka kete ya mwisho. Ukishindwa, unashindwa ukiwa umekaa, watu wanakuona. Anayeinuka katikati, hata akisema anaenda haja, ameacha ubao. Akizoea kuacha ubao, kiti chake kinapinduliwa, miguu juu, na hapo hachezi tena na mtu yeyote wa barza ile. Aruna aliwahi kukiona kiti kimepinduliwa. Mwenye kiti aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawa anapita upande wa pili wa barabara.

Katika wote waliokaa mbele ya Aruna, Antoine ndiye aliyemfaa. Alikuwa Mluba wa Kasai, muuza vipuri vya baiskeli duka la pili, mrefu, mwenye mdomo usiofungwa. Alicheza kwa ulimi kwanza, kwa mkono baadaye. Walizeeka pamoja juu ya ubao ule. Kisha miguu ya Antoine ikakataa kazi, na watoto wake wakamchukua kwao Lille, Ufaransa, kwenye nyumba ya ghorofa ambako, kwa maneno yake mwenyewe, jirani akikusalimia anataka uhamishe gari. Barza ilikuwa imekwisha kupungua. Baada ya Antoine ikafa kabisa.

Ramla, binti yake Aruna aliyeolewa Kolwezi, ndiye aliyeleta kompyuta na modemu, akawaonyesha wazee wawili mahali pa kuchezea dama kwenye mtandao wakisikilizana sauti. Jumapili ya kwanza Aruna hakulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, kama mtu anayekwenda kuposa. Baada ya sala ya alasiri akakaa, Antoine ametoka misa, na sauti ileile ikatoka kwenye spika: "Fundi, ulileta mukasi ao ulileta akili?"

Aruna aliuambia mtaa. Angewezaje kunyamaza? Na mtaa ukaja. Amida akatoa viti, akatoa mabenchi, akachemsha chai. Aimé, dereva wa teksi, alikuwa wa kwanza kuomba neno la siri la modemu. Aruna akampa palepale, maana katika nyumba ya Idi mtu hakuwahi kuomba maji akaulizwa ana kiu gani. Neno lenyewe lilikuwa jina la baba yake. Aimé akampa mwenzake, mwenzake akampa mwenzake. Jumapili baada ya Jumapili sebule ilijaa, waliokosa kiti wakaegemea mlango, wengine wakakaa nje chini ya dirisha. Aruna akicheza alisikia pumzi za watu mgongoni, na mgongo wake ukanyooka. Alimwambia Amida, naye si mtu wa kusema mambo kama hayo, kwamba barza imefufuka.

Ndipo kukatika kulipoanza. Mchezo ulikuwa katikati, Antoine amekwisha kumbana kona ya kushoto, na picha ikaganda. Sauti ikafa. Mtandao uliporudi, mchezo ulikuwa umefungwa, na upande wa Antoine kulikuwa kumeandikwa kwamba mwenzake ameondoka. Jumapili iliyofuata, hivyohivyo. Na iliyofuata. Wakati mwingine Aruna ndiye aliyekuwa anashinda, lakini nani anakumbuka hayo? Antoine alikumbuka zile tu ambazo yeye ndiye aliyekuwa anakaribia kula.

Mwanzoni alitania. "Fundi, ulizoea kukata kitambaa ya bantu. Sasa unakata na muchezo." Jumapili iliyopita hakutania. Alipiga simu baada ya mchezo kukatika, na Aruna akaipokea kwenye simu yake ndogo ya vibonye.

"Aruna. Niambie kweli. Unachomoaka waya?"

"Antoine, unaniyua tangu lini?"

"Njo maana minakuuliza. Batoto yangu hapa banachezaka na bantu ya China, ya Brésil, haikatike. Weye njo unakatikaka. Na unakatikaka wakati minakufinya."

"Ni machine."

"Kila mwenye anakimbia iko na machine yake." Nyuma ya sauti yake Aruna alisikia televisheni ya Kizungu. "Dimanche inayokuya siko. Mujukuu wangu anapata communion ya kwanza ku kanisa. Ile ingine tutacheza. Kama inakatika tena, Aruna, minapindua kiti. Mie si mutoto. Siwezi kuketi hapa kila Dimanche kuchekwa na mutu mwenye anakimbia."

Aliposema "pindua kiti" hakucheka. Aruna aliweka simu juu ya cherehani na kwa muda mrefu hakuweza kupitisha uzi kwenye sindano. Kati ya wote aliocheza nao alibaki Antoine peke yake. Wengine wamelala makaburini, au wamelala vitandani hawatambui watoto wao. Kiti hicho kikipinduliwa, hakuna kingine.

Ndiyo sababu aliitwa Jeannot Jumatano ile, na ndiyo sababu Aruna, baada ya kumwona akiondoka na utando wake wa buibui, alimfuata mpaka barabarani.

"Jeannot. Dimanche Antoine haiko. Lakini mie nitaketi. Nitacheza na muntu yeyote ule système itanipa. Weye uya, uketi na bantu, uone na macho yako vile inakatikaka. Daktari hawezi kutibu homa ya usiku na kuya muchana tu."

"Nitakuya, Papa."

"Usiambie muntu kama Antoine haiko. Nataka Dimanche iwe Dimanche."

Jumapili ikawa Jumapili. Walikuja wote, na zaidi. Aimé aliegesha teksi yake mbele ya mlango. Wauzaji wa vitenge walikuja, kinyozi akaja, vijana wa chuo wakapanga mstari ukutani. "Yambo, Papa Aruna." "Yambo, Mama Ramla." Jeannot alipata kiti karibu na kabati, kadi yake shingoni. Amida akapitisha chai.

Aruna akakaa. Mfumo ukampa mpinzani asiye na jina, mwenye picha ya paka. Mtu huyo alicheza haraka na vibaya, kama anayekimbizwa. Hakukuwa na sauti yoyote kwenye spika, paka hasemi. Aruna alimla kete mbili, akafungua njia upande wa kulia, na moyoni akaona aibu kidogo, kama mtu anayefanya mazoezi ya sala. Alikuwa anakaribia kupata dama yake ya kwanza, kete inayovuka ubao na kutawala, picha ilipoganda.

"Aaah," sebule nzima ikasema.

Sauti ile aliijua. Kila Jumapili, mchezo ukikatika, watu wote nyuma yake walisema "aaah" kwa pamoja, na kila Jumapili ilimfariji. Watu wameumia pamoja naye. Lakini leo hakuwa na Antoine wa kumwonea haya, hakuwa na kitu cha kupoteza, kwa hiyo aligeuka upesi kuliko kawaida.

Hakuna hata jicho moja lililokuwa kwenye kompyuta. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Kinyozi alikuwa anaitikisa simu yake. Kijana mmoja wa chuo alikuwa ameinua ya kwake juu ya kichwa, karibu na dirisha, kama mtu anayeanika kitu. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa anamwambia mwenzake kwamba filamu imemkatikia pale ambapo mume anarudi.

Aruna aliwatazama. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Aimé, Antoine alichezaje leo?"

Aimé akainua kichwa. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kufurahisha wazee. "Antoine? Ah, Papa, leo alikuwa anakufinya. Mais ungelimushinda."

"Na weye, coiffeur? Ulimusikia Antoine?"

"Muzee ile anasemaka sana," kinyozi akasema, akacheka. "Leo alikutukana, eeh."

Wengine wakacheka pia, kwa adabu. Aruna hakucheka. Alikuwa anaangalia mabenchi ambayo Amida alikuwa ameyapangusa tangu asubuhi.

"Leo sikucheza na Antoine," akasema. "Nilicheza na paka."

Ilichukua muda mpaka waelewe kwamba hakuwa anatania, na walipoelewa hawakujua waangalie wapi, kwa hiyo wakaangalia simu zao. Modemu ikawa imerudi. Ukasikia simu zikilia moja moja, ting, ting, kama vijiko kwenye vikombe. Na Jeannot, pale karibu na kabati, alikuwa ameshika yake mkononi na kuikodolea macho kana kwamba imemuuma.

Alingoja mpaka watu wakaondoka. "Papa Aruna, minaomba pardon. Hata mie nilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya wifi yako. Nilikuwa naangaria match ya mupira. Mie na bote." Akaigusa modemu kwa kidole, akakiondoa, ilikuwa moto kama pasi. "Hii kintu ni kadogo. Ni ya Papa na Mama na batoto babili. Haiko ya église, ya kanisa muzima. Unaona vélo ya makala, baiskeli ya makaa, yenye inatokaka ku barabara ya Likasi? Banapakia gunia, banapakia ingine, inatembea. Mutu anaongeza ka gunia kamoja ka mwisho, inaanguka na yote. Dimanche bantu banapakia. Inashindwa, inajizima, inaanza tena. Inachukua dakika kidogo tu. Mais muchezo haingojee."

"Na Mercredi?"

"Mercredi ni weye na mie tu."

"Virus? Waya? Courant?"

Jeannot alijikuna shingo, pale kamba ya kadi ilipopita. "Tulikuwa tunatafuta, Papa."

Aruna alitaka kumwambia mambo mengi, kuanzia na picha za harusi ya Ramla. Akauliza tu: "Sasa njo tufanye nini?"

"Simple. Tunabadilisha code. Haumupe muntu."

"Nifukuze bantu?"

"Apana kufukuza, Papa. Kubadilisha code."

"Mu nyumba hii, njo kufukuza."

Jeannot alikwenda zake. Alikuwa amemwandikia namna ya kufanya kwenye kikaratasi, lakini Aruna hakuigusa mashine. Alikaa kwenye benchi tupu, mikono magotini, na Amida akawa anakusanya vikombe kumzunguka. Vingi vilikuwa na chai iliyopoa, haikunywewa.

"Bale bantu," Aruna akasema, "banakuyaka kuangaria nini kwangu?"

"Baba Ramla, unayua."

"Weye uliyua?"

Amida aliweka sinia chini. "Mie minapitishaka chai. Minanyoosha kikombe, muntu ananyoosha mukono, haangarie hata kikombe, haniangarie mie. Niliyua tangu Dimanche ya pili."

"Na haukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unaketi muzuri." Akachukua sinia yake. "Ulikuwa unaketi sawa baba yako."

Wiki ile ilikuwa ndefu na chungu. Aruna alishona zipu, akakosea, akafumua. Alimkasirikia Jeannot, akamkasirikia Aimé, akawakasirikia waliotengeneza kisanduku kisichoweza kubeba hata barza moja. Ubao wa baba yake ulibeba mtaa mzima. Ulikuwa kipande cha sanduku la chai kilichopakwa makaa na chokaa, na haukuwahi kusema umejaa. Mtu wa ishirini akija, wale kumi na tisa walisogea. Sasa umoja wa watu ndio unaoua mchezo. Kadiri wanavyokuja ndivyo unavyokufa, na wanaouua hata hawajui kwamba kuna mchezo. Alijaribu kujiambia kwamba labda mmoja au wawili walikuwa wanaangalia kweli. Alipitia nyuso, moja moja. Akaacha.

Bado hakubadilisha lile neno. Alhamisi alikaribia, akaona jina la baba yake limeandikwa pale, akarudi kwenye cherehani. Ijumaa msikitini mtu alimshika mkono akamuuliza kama Jumapili kuna mchezo. Aruna akafurahi, kabla hajajizuia, na yule mtu akaongeza: "Juu mie nilipata téléphone ya mupya."

Jumapili adhuhuri, chakula kikiwa bado mezani, alikaa mbele ya kompyuta na kukifuata kikaratasi cha Jeannot mstari kwa mstari. Alifuta jina la Idi herufi moja moja. Akaweka tarakimu zisizo na maana yoyote, zisizoweza kukumbukwa na mtu wala kumkumbusha mtu.

"Nipange mabenchi?" Amida akauliza.

"Panga. Mwenye anakuya kuangaria, akute fasi."

Walikuja. Baada ya alasiri sebule ilikuwa imejaa kama kawaida, salamu kama kawaida, chai kama kawaida. Aruna alikaa, akafungua ubao, na Antoine akawa pale.

"Fundi."

"Antoine. Communion ilipita?"

"Ilipita. Tulikula kuku ya bule, haina munofu haina mufupa. Unayua kile nilikuambia?"

"Minayua."

"Anza basi."

Aruna alisogeza kete yake ya kwanza, na kuanzia hapo hakuwa na ruhusa ya kuinuka, wala ya kugeuka. Nyuma yake manong'ono yalianza upesi. Yakapanda.

"Papa Aruna," Aimé akasema, "code haipite."

Aruna alisogeza kete.

"Papa, ilibadilika? Iko inakataa."

"Muko naangaria muchezo?" Aruna akauliza, macho kwenye ubao.

"Njo, Papa, tunaangaria. Mais code?"

Aruna alisogeza kete nyingine. Walingoja kidogo, kwa heshima. Watu wa Kamalondo hawana haraka ya kuvunja heshima. Kisha benchi likalia. Kinyozi alikumbuka mteja. Wauza vitenge walikumbuka mvua, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu. Vijana wa chuo walitoka bila kukumbuka kitu. Aruna alizihesabu nyayo zao bila kutaka, akapoteza hesabu, akapoteza na kete. Aimé alibaki wa mwisho. Alisimama nyuma ya kiti cha Aruna, akautazama ubao kwa dakika moja nzima, labda mbili. Mzee alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kutoa shauri, na akatamani atoe, hata likiwa baya, hata likiwa la kijinga kabisa.

"Bon, Papa," Aimé akasema. "Minakwenda kutafuta bantu ya kubeba." Teksi ikawaka nje.

Waliokuja kwa kuchelewa waliita kutoka barzani. "Hodi, Papa Aruna! Code ya zamani haifanye!" Ilikuwa mara ya kwanza tangu Idi ajenge nyumba ile mtu kubisha hodi na mwenye nyumba, akiwa ndani na mzima, asiitikie. Amida ndiye aliyetoka kusema nao. Aruna hakusikia alisema nini.

Na mtandao haukukatika. Hilo lilimtia hasira kuliko yote: jinsi ulivyopita, laini, bila haya, sasa kwa kuwa hakukuwa na mtu.

Alikuwa anacheza vibaya. Antoine alipata dama, kisha akapata nyingine. Alikula pembeni, akala katikati, na kila alipokula akauliza, "Fundi, uko?"

"Niko."

"Bado uko?"

"Niko. Kula."

Mtu mwenye akili angesema hapo, umeshinda, tuanze upya. Barza iliruhusu hilo, mradi hujainuka; mtu angepitisha kiganja juu ya ubao, mchezo ukaisha kwa heshima. Aruna hakupitisha kiganja. Alibaki na kete mbili dhidi ya dama mbili, akazisogeza. Alibaki na moja. Akaisogeza pole pole, mraba kwa mraba, pembezoni mwa ubao, kama ng'ombe anayejua njia ya machinjioni. Antoine hakuharakisha. Alimzunguka, akamfunga, na akangoja kidogo kabla ya hatua ya mwisho, na Aruna alijua anangoja nini: anangoja ikatike.

Haikukatika. Antoine akala.

Ubao ukabaki na kete za upande mmoja tu. Nyuma ya Aruna kulikuwa na Amida tu, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Aruna," Antoine akasema. "Uko?"

"Nilikufa," Aruna akasema, "lakini niko."

Antoine akacheka. Kilianza kicheko kidogo cha kifuani, kikageuka kikohozi, kikageuka kicheko tena, kile cha duka la vipuri, kilichokuwa kikisikika mpaka ng'ambo kwenye baa. "Voilà," akasema. "Voilà, fundi. Ile njo kufa ya bwana. Basi, hukukimbia."

"Nilikuambia ni machine."

"Uliniambia. Ilipona?"

"Ilipona."

"Ilikuwa na nini?"

Aruna aliyatazama mabenchi. Vikombe viwili vitatu vilikuwa vimeachwa sakafuni. "Kitu kidogo," akasema. "Jeannot aliiona."

"Na bantu yako bako wapi? Zamani ya wiki mbili nilisikiaka makelele, nikafurahi. Leo kimya sawa ku église ya huku."

"Balikwenda kazi."

"Dimanche?"

"Dimanche, Antoine. Bantu ya leo."

Labda Antoine aliamini, labda hakuamini; kati yao lile halikuwa tena jambo la kupinduliana kiti. "Tucheze ingine?" akauliza. "Ao ulichoka kufa?"

"Ingine."

"Panga."

Aruna akanyoosha mkono, kama walivyokuwa wakifanya barzani, aliyeshindwa ndiye anayepanga. Lakini kabla vidole havijafika popote, kete zilikuwa zimekwisha kujipanga zenyewe, zake na za Antoine, mistari iliyonyooka, na mashine ilikuwa inamngoja aanze.